Damu, Uzee na Hofu ya Mumiani

Andiko la Mambo ya Walawi 17:11 latufundisha kwamba uhai wa mwili umo katika damu, na wazee wetu wa nyanda hizi za kati walilijua hilo bila kuhubiriwa. Ndiyo maana habari yoyote ya damu ya mtu kutumiwa kwa faida ya mwingine huamsha hofu ya kale ya mumiani. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Habari za siku zile zilisema kwamba watu waliitwa kwa kipaza sauti cha kanisa. Sisi tunaoshika vipaza sauti hivyo hatuwezi kulisoma jambo hilo na kulipita.

Nalikumbusha kwa kuwa wanafunzi wameniuliza mara kadhaa kama ni kweli matajiri wa Marekani hurudishiwa ujana kwa damu ya vijana. Swali hili lina mzizi wa kweli. Yafaa lijibiwe, si kukemewa.

Mwaka 2005, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi walivyounganisha kwa upasuaji panya mzee na panya kijana, damu yao ikazunguka pamoja. Misuli na ini la yule mzee vikapata tena nguvu ya kujitengeneza. Mwaka 2011 ikaonekana kinyume chake: plazma ya panya wazee, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, ilipunguza kuzaliwa kwa seli mpya katika ubongo wa panya vijana. Basi damu hubeba protini zinazoziamuru tishu kujijenga au kulegea, na kiasi chake hubadilika kadiri umri unavyosonga.

Lakini je, dawa imo katika damu ya kijana? Mwaka 2020, watafiti wa Berkeley waliondoa nusu ya plazma ya panya wazee, wakaweka maji ya chumvi yenye albumini. Hapakuwa na damu changa hata tone, na bado tishu zilipata nafuu. Yaelekea sehemu kubwa ya faida hutokana na kupunguza kilichozidi katika damu ya uzeeni.

Kwa wanadamu haijathibitishwa kwamba plazma ya vijana huzuia uzee. Wapo walioiuza Marekani kwa maelfu ya dola, hata Februari 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikawaonya wananchi juu ya biashara hiyo. Mwaka 2023 tajiri Bryan Johnson alitiwa plazma ya mwanawe, kisha akatangaza mwenyewe kuwa hakuona faida.

Mwanafunzi mmoja aliuliza tena: “Mchungaji, je, kijana anayejitolea damu hospitalini huzeeka upesi?” La. Plazma aliyoitoa hurudi katika siku moja au mbili, na chembe nyekundu katika majuma machache. Aliniambia mama yake ndiye aliyemkataza.