Pikipiki Inapozimika Njiani: Jinsi ya Kujua Kama Mafuta Hayafiki

Mhudumu wa bodaboda anaondoka Musanda asubuhi akiwa amembeba mama mjamzito anayekwenda kliniki mjini Mumias. Pikipiki imewaka kwa kiki ya kwanza na inanguruma vizuri. Baada ya kilomita chache, kwenye mwinuko, inaanza kukohoa, inakosa nguvu, kisha inazimika polepole kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Anapiga kiki mara kumi, haiwaki. Dakika tano baadaye anajaribu tena, na inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Kilomita mbili mbele, inazimika tena.

Hakuna mhudumu aliyekaa kazini mwaka mzima asiyeifahamu hali hii, na kinachofuata mara nyingi ni gharama. Leo inabadilishwa plagi, kesho koili, na siku ya tatu kabureta nzima, ilhali kasoro ilikuwa kitundu cha kifuniko cha tangi kilichojaa vumbi. Kwa aliyechukua pikipiki kwa mkopo, siku mbili za kukaa kwa fundi bila kuingiza chochote zinatosha kumweka pabaya na mkopeshaji. Kwa mama aliyeketi nyuma, kilichopotea ni zaidi ya pesa.

Makala haya yanaeleza namna mhudumu anavyoweza kutambua, yeye mwenyewe na pale pale kando ya barabara, kama injini yake inanyimwa mafuta, na ni sehemu gani ya njia ya mafuta iliyoziba.

Njia ya mafuta

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika kaunti yetu, kama vile Boxer na TVS za kabureta, hazina pampu ya mafuta. Petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi kwa uzito wake, inapita kwenye koki, inaingia kwenye mpira na filta, halafu kwenye kabureta. Chini ya kabureta kuna kikombe kidogo kinachoweka mafuta ya matumizi ya muda mfupi. Ndani ya kikombe hicho kuna floti, ambayo hufanya kazi kama boya la tangi la maji: mafuta yakijaa hupanda na kufunga njia kwa sindano ndogo, yakipungua hushuka na kufungua.

Kikombe hicho ndicho kinachoeleza kwa nini pikipiki huwaka vizuri kisha huzimika. Ikiwa mafuta yanashuka kwa matone badala ya mkondo, yanatosha injini inapozunguka taratibu. Ukiongeza kasi ukiwa umebeba mzigo na unapanda mlima, injini hunywa kuliko inavyopokea, na kikombe hukauka. Unaposimama dakika tano, matone yanakijaza tena. Ndiyo maana pikipiki inawaka upya bila kutengenezwa chochote.

Kwanza, ni mafuta au ni moto wa plagi?

Hapa ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu koili iliyochakaa nayo huzima injini ikipata joto na kuiacha iwake ikipoa. Dalili ya kwanza ni namna inavyozimika. Moto wa plagi ukikatika, kwa kawaida injini hunyamaza ghafla, kama taa iliyozimwa kwa swichi. Mafuta yakikosekana, huanza kwa kukohoa na kupungua nguvu. Ukivuta choki wakati inakohoa na ikapata nafuu kidogo, hiyo ni ishara kwamba injini inapata hewa nyingi na mafuta machache.

Lakini dalili zinaweza kudanganya. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki: pikipiki ikizimika, usingoje. Sogea kando ya barabara, funga koki ya mafuta mara moja, acha injini ipungue joto, kisha legeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta ukiwa umekinga chupa ndogo. Kufunga koki kunazuia kikombe kisijazwe tena wakati unasubiri. Yakitoka matone mawili matatu tu, au kusitoke kitu, basi injini ilikufa kwa njaa na tatizo liko kati ya tangi na kikombe. Yakitoka mafuta ya kutosha, acha kuhangaika na tangi. Kagua moto wa plagi, au matundu ya ndani ya kabureta yenyewe. Kipimo hiki ni cha dakika chache, hakihitaji zaidi ya bisibisi na chupa, na binafsi sielewi ni kwa nini mafundi wengi hawakianzi nacho.

Tahadhari kabla ya kuendelea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutafuta moto. Fanya kazi hii mahali pa wazi, mbali na jiko la muuza mahindi na mbali na anayevuta sigara, na usinyonye mafuta kwa mdomo. Watu wa eneo letu hawajasahau Malanga, jirani zetu wa Siaya, ambako mnamo Julai 2021 lori la mafuta lililipuka watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 10 wakafariki.

Kikombe kikiwa kikavu

Anza juu ushuke chini. Fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi, na baada ya hapo pikipiki ikawaka na kuendelea vizuri, umeshampata mwizi. Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa ili ijaze nafasi ya mafuta yaliyotumika. Aliyewahi kutoboa mkebe wa maziwa anajua: ukitoboa tundu moja maziwa hayatoki vizuri, ukitoboa la pili yanatiririka. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Vumbi la barabara zetu za miwa likichanganyika na mafuta hugeuka tope na kuziba kitundu hicho. Wapo pia wanaoweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili mvua isiingie. (Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini kwenye matangi bado inaonekana.) Kipande hicho kinazuia maji, ni kweli, na kinazuia hewa pia. Kiondoe, osha kifuniko, puliza kitundu mpaka hewa ipite. Kama mpira wa kifuniko umechakaa na unaingiza maji, nunua kifuniko kingine.

Kama si kifuniko, angalia koki. Koki ina mahali pa kawaida na mahali pa rizavu. Ndani ya tangi, njia ya kawaida huchota kupitia bomba lililosimama juu kidogo ya sakafu ya tangi, na ya rizavu huchota chini kabisa. Rizavu si tangi la pili kama baadhi yetu tunavyodhani. Ni mafuta yale yale ya chini, pamoja na kutu, mchanga na maji yaliyotulia huko. Mhudumu anayeweka mafuta ya shilingi mia kila asubuhi hapati hata lita moja, kwa hivyo anatembea kwa rizavu mwaka mzima na kuinywesha injini masimbi. Isitoshe, tangi linalokaa tupu usiku hupata unyevu ndani na kushika kutu haraka. Tunafahamu kwamba mia ndiyo iliyopo mfukoni asubuhi. Hata hivyo, kulijaza tangi angalau nusu siku ambazo kazi imekuwa nzuri, na kulisafisha mara kwa mara, kunapunguza uharibifu huo.

Kisha chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa inayoonyesha, na ufungue koki. Mafuta yanapaswa kutoka kwa mkondo usiokatika. Yakidondoka, toa filta ujaribu bila hiyo. Mkondo ukirudi, filta imeziba, na filta ni kitu cha bei ndogo, usiipulize uirudishe. Yakiendelea kudondoka bila filta, tatizo liko kwenye koki au kichujio chake kilicho ndani ya tangi. Usisahau mpira wenyewe: ukikunjwa chini ya tangi hubana njia, na mpira usiotengenezwa kwa ajili ya petroli huvimba na kumeguka ndani, vipande vikaenda kukwama mbele.

Ile chupa usiimwage. Iache itulie dakika kumi kivulini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo kama yapo utayaona chini yakiwa yamejitenga kama shanga au tabaka. Halafu tia tone moja la mafuta kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Doa la mafuta likibaki kwenye karatasi, huenda imechanganywa na mafuta ya taa. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukufanya ubadilishe mahali unaponunua. Uchanganyaji huu si uvumi: mwaka wa 2018 serikali ya kitaifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na petroli na dizeli.

Mafuta yanafika lakini injini bado inalegea

Mkondo ukiwa mzuri hadi kwenye kabureta na kikombe bado ni kikavu, sindano ya floti imekwama. Kugonga kikombe taratibu kwa mpini wa bisibisi kunaweza kuiachilia ukafika uendako, lakini lazima kabureta ifunguliwe na kusafishwa baadaye, maana itakwama tena.

Kikombe kikiwa kimejaa na moto wa plagi ni mzuri, shuku jeti, yaani vile vitundu vyembamba vinavyopima mafuta. Pikipiki ikizimika inapokuwa imesimama ikinguruma, lakini ikaenda vizuri ukivuta mafuta, jeti ndogo ndiyo iliyoziba. Ikinguruma vizuri imesimama lakini ikakataa ukivuta mafuta mengi, ni jeti kubwa. Zisafishwe kwa kupulizwa na dawa ya kabureta. Fundi akichukua waya wa spoki kuzitoboa, mzuie kwa heshima. Kitundu kikipanuka hata kidogo tu, pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi na hakuna kurekebisha isipokuwa kununua jeti mpya.

Angalia pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka huingiza hewa ya ziada, na matokeo yanafanana na kukosa mafuta. Ncha ya plagi itakuwa nyeupe badala ya kahawia. Usiendelee kubeba abiria hivyo. Injini inayokosa mafuta hupata joto kali, na pistoni ikiungua, gharama yake hailingani na ya kitu chochote tulichotaja hapa.

Pikipiki mpya zisizo na kabureta ni habari nyingine. Hizo zina pampu ya umeme ndani ya tangi, na ukifungua swichi utasikia ikivuma kwa muda mfupi. Usiposikia mvumo huo, peleka kwa fundi mwenye vifaa vyake. Pampu hizo hupozwa na petroli inayozizunguka, kwa hivyo mazoea ya kutembea na tangi karibu tupu huziua mapema.

Unapofika kwa fundi, mweleze ulichokiona: kikombe kilikuwa kikavu au kimejaa, mkondo ulikuwaje, kifuniko kilipiga mluzi au la. Na kama chupa ilionyesha maji au mafuta yaliyochanganywa, iweke salama pamoja na risiti ya kituo. Anayesimamia ubora wa mafuta nchini ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na ndiko malalamiko yanakopelekwa. Muuzaji wa chupa kando ya barabara asiye na leseni hatakupa risiti, na mafuta yake yakikuharibia injini, hutakuwa na wa kumshtaki.