Shamba moja, wenyewe wawili: ukija Kampala na mashine ya kusaka dhahabu, ruhusa unaomba kwa nani?

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MASHINE ya kutambua metali ni mzigo mwepesi. Fimbo, duara la nyaya chini yake, kisanduku cha betri na vipokea sauti vya masikioni. Mfanyabiashara anayevuka Busia au Mutukula anaweza kuibeba kwenye begi moja na nguo zake, na wapo wanaoiuza, wanaoikodisha na wanaoitembeza wenyewe mashambani kusaka dhahabu, vyuma chakavu au hiyo hazina ambayo kila kijiji kina hadithi yake.

Kazi ngumu huanza pale unapofika kwenye uzio wa mtu. Kampala na wilaya jirani za Wakiso na Mukono zina jambo ambalo mgeni kutoka Mwanza au Kisumu halitambui haraka: shamba moja huweza kuwa na wenyewe wawili, wote halali.

Chanzo chake ni Mkataba wa Buganda wa 1900. Waingereza waligawa ardhi kwa Kabaka, ukoo wake na machifu kwa kipimo cha maili za mraba, na ndiyo maana hadi leo inaitwa mailo. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wakulima, na wakulima wale wakabaki kama wapangaji juu ya vipande vyao, bibanja, wakilipa kodi iitwayo busuulu. Sheria ya 1928 iliwakinga wasifukuzwe ovyo. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zikaendeleza kinga hiyo, na marekebisho ya 2010 yakasema mwenye kibanja hawezi kuondolewa ila kwa kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama.

Kwa hiyo unapobisha hodi (hapa husema koodi, neno letu lile lile lililobadilika kidogo) mtu anayetoka ndani huenda ni mwenye kibanja. Ndizi na kahawa ni zake, nyumba ni yake. Hati miliki iko kwa mtu mwingine, pengine anaishi mjini, pengine alishafariki na warithi wanagombana. Ukichukua ruhusa ya wa kwanza peke yake, wa pili atakuja na polisi. Ukichukua ya wa pili peke yake, wa kwanza atakuja na majirani, na hao mara nyingi hufika kabla ya polisi.

Mgeni kutoka Tanzania hukosea kwa namna yake. Kwao ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na kijijini kuna halmashauri ya kijiji yenye mamlaka juu ya ardhi. Basi akifika hapa anakwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa LC1, anapigiwa muhuri, anadhani amemaliza. Mwenyekiti wa LC1 ni mtu wa kumheshimu na wa kuanza naye: anajua nani anakaa wapi na ugomvi upo kwa nani. Ila ardhi si yake. Muhuri wake unathibitisha kwamba anakufahamu, basi.

Anayemiliki hatafutwi kwa kuuliza njiani. Omba namba ya bloku na ya ploti, kisha nenda ofisi ya ardhi ya kanda ukafanye upekuzi kwenye daftari la hati. Ardhi nyingine ni ya Kabaka na inasimamiwa na Bodi ya Ardhi ya Buganda kule Mengo. Na ukishampata mwenyewe, uliza kama ana mke au mume. Kwa ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa chakula, sheria inataka mwenza akubali kabla ya kuuzwa, kupangishwa au kuwekwa rehani. Ruhusa ya kupita na mashine ni ndogo kuliko hayo, lakini sijui kwa nini mtu aache kuomba sahihi ya pili wakati mwenye sahihi hiyo amekaa pale pale ukumbini.

Tuseme umepata sahihi zote. Mashine ikilia, kilichomo ni cha nani? Kama ni madini, si cha yeyote kati yao. Ibara ya 244 ya Katiba inaweka madini yote mikononi mwa serikali, isipokuwa udongo wa mfinyanzi, mchanga, moram na mawe ya kujengea. Ruhusa ya mwenye shamba inakufungulia geti tu. Leseni inatoka idara ya madini Entebbe, chini ya sheria mpya ya 2022. Waliochimba dhahabu Mubende waliona mwaka 2017 jinsi mambo yanavyokwisha pasipo leseni: mwezi wa Agosti jeshi na polisi waliwaondoa maelfu yao. Na kama kilicholia ni kitu cha kale, kuna sheria ya makumbusho. Usithubutu hata kuiwasha mashine karibu na Kasubi.

Wasomaji wa upande wa Kenya huuliza kama Soko la Pamoja haliwasaidii. Haliwasaidii hapa. Itifaki yake, iliyoanza kutumika 2010, ilisema wazi, kwenye ibara ya 15, kwamba matumizi ya ardhi yatafuata sheria za kila nchi. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo. Anaweza kupanga kwa muda tu.

Ipo pia hadithi ya dhahabu ya Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, inayodaiwa kufukiwa chini ya sakafu za nyumba za zamani mjini. Dalali atakueleza kwamba nyumba haina mwenyewe. Inaye. Ama familia iliirudishiwa, ama iko chini ya bodi ya mali za Waasia walioondoka, ama iliuzwa, na mpangaji aliyomo ndani hana uwezo wa kukuruhusu kubomoa sakafu. Anayekuuliza fedha za “kufungua” nyumba kabla hujaona hati ameshapata hazina yake, nayo ni wewe.

Karatasi yenyewe isiwe ndefu. Iandikwe kwa lugha anayoisoma mwenye shamba, itaje bloku na ploti, tarehe za kazi, nani atafukia mashimo, mazao yakikanyagwa italipwa kiasi gani, na kitu kisicho madini wala cha kale kikipatikana kitagawanywaje. Hili la mwisho liandikwe kabla mashine haijalia. Baada ya hapo bei ya urafiki hupanda.

Fanya kazi mchana, mtu wa nyumba akiwepo. Mgeni anayechimba peke yake jioni, hapa hafikiriwi kuwa anatafuta sarafu. Na uulize mapema makaburi yako upande gani, kwa sababu Waganda wengi huzika kwenye ardhi ya ukoo, na kaburi la zamani chini ya migomba huenda halina hata jiwe.