Wanaume Hao Wamekaa Wanangoja Nini?

Swali hilo halikuulizwa na mhadhiri wetu wala halikutoka kitabuni. Liliulizwa na bibi wa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, kupitia WhatsApp. Mwenzetu alikuwa amemtumia kipande cha mazoezi yetu ya Usiku wa Afrika. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hao wanaume wamekaa kwenye viti wanangoja nini? Chai?"

Tulicheka mpaka machozi. Halafu tukakiangalia tena kile kipande, na kicheko kikapungua. Wasichana sita wamefunga kanga kiunoni, wanakata mauno. Wavulana watatu wamekaa mbele yao, miguu wameitanua, wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, wanatikisa vichwa tu. Wimbo ulikuwa "Salome" wa Diamond Platnumz na Rayvanny, wa mwaka 2016. Hakuna aliyetuamuru tujipange hivyo. Wavulana walikwenda kwenye viti wenyewe, wasichana wakaenda katikati wenyewe, na sote tuliona ndivyo inavyokuwa. Tumekulia Marekani, lakini video hizi tumezitazama tangu wadogo, kwanza sebuleni kwa mama zetu, baadaye kwenye simu. Mpangilio ule tuliujua kwa ghibu bila kujua kwamba tunaujua.

Basi tukaacha mazoezi kwa Ijumaa tatu. Tukaomba chumba chenye projekta kule chini maktabani, tukaweka sharti moja: kila mtu alete video anayoipenda, si anayoichukia. Tulitaka kujisema sisi wenyewe, si kuwasema watu.

Tulianza na "Salome" yenyewe. Wengi wetu hatukujua kwamba imejengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli wa Kagera, "Maria Salome", uliovuma Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Saida aliimba kwa Kihaya, na watu wasiojua hata neno moja la Kihaya walicheza. Kwake mwanamke ndiye mwenye sauti, yeye ndiye anayemwita Salome. Miaka kama kumi na tano baadaye Salome yuleyule anaitwa na wanaume wawili, na wanawake waliobaki kwenye video ni wa kucheza. Mwenzetu mmoja wa kiume alisema wimbo mpya ni mtamu zaidi. Hatukubishana naye, maana ni kweli unachezeka. Lakini ndipo tulipoanza kuuliza swali ambalo lilitufuata Ijumaa zote tatu: nani anaimba, nani anatazamwa?

Wale waliosoma kozi ya filamu walituletea makala ya Laura Mulvey ya mwaka 1975, inayoeleza jinsi kamera za Hollywood zinavyoazima jicho la mwanamume, hata mtazamaji mwanamke akajikuta anatazama kwa jicho hilo. Ni makala nzito, tuliisoma kwa taabu. Bibi alifika palepale kwa swali la chai.

Siku ya pili tulimpigia bibi simu, tukaweka spika. Tulimwuliza kuhusu kukata kiuno. Tulitegemea atatugombeza kwa utovu wa adabu. Wapi! Alituambia kiuno ni elimu. Zamani msichana alifundishwa ndani, na wanawake wenzake, na hakuruhusiwa mwanamume kukaribia. "Hata jogoo alifukuzwa uani," alisema. Ngoma za namna hiyo zimeenea pwani nzima: unyago, chakacha ya Mombasa na Lamu inayochezwa kwenye harusi. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarab, lakini nyumbani alikuwa pia mwalimu wa unyago na mpigaji wa ngoma ya msondo. Kwa hiyo kiuno chenyewe hakikuletwa na Bongo Flava. Bongo Flava imekitoa chumbani, ikakiweka mbele ya kamera, na viti ambavyo zamani walikalia mashangazi sasa wamekalia wanaume wenye miwani.

Hapo tulikaa muda mrefu, kwa sababu jambo hili linatugusa. Wasichana kadhaa kati yetu walisema walipocheza peke yao, kwenye harusi, upande wa wanawake, walijisikia vizuri kuliko walivyojisikia kwenye mazoezi yetu, na mwendo ulikuwa uleule. Mwingine alikataa kabisa. Alisema: "Mimi nilipocheza mbele ya viti sikujiona mtumwa. Nilijiona nimewashinda. Wao wamekaa, mimi nawaendesha. Mbona hamniulizi mimi, mnamwuliza bibi?" Maneno yake tunayaandika hapa kama alivyoyasema kwa sababu mpaka leo hatujapata jibu lake.

Pesa nazo zina hadithi yake. Kwenye video nyingi tulizotazama, za Afrika Mashariki na za hapa Marekani, kuna mwanamume anayerusha noti juu ya wanawake wanaocheza. Noti zinaanguka kama majani, hakuna anayeziangalia zinapoangukia. Sasa linganisha na kutunza kwenye taarab. Mwanamke anainuka kwenye kiti chake, anakwenda polepole kwa madaha, noti mkononi ameinua juu ili kila mtu aione, anafika kwa mwimbaji pale pale maneno yanapomgusa. Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga, ameeleza katika kitabu chake Performing the Nation cha mwaka 2002 kwamba kutunza huko ni kusema: unauchukua ule mstari, unaufanya wako, na mara nyingine unamlenga mtu aliyekaa ukumbini humohumo. Noti ni ileile, lakini huku mwenye noti ni mwanamke na kinachonunuliwa ni maneno. Enzi za mipasho ya miaka ya 1990, Khadija Kopa alipokuwa na TOT na wenzao wa Muungano wakiwajibu, wanawake walikwenda ukumbini kupigana kwa namna hiyo, bila kuguswa unywele.

Zuchu, binti wa Khadija Kopa, ndiye mwimbaji anayependwa zaidi chamani kwetu, na wengi walimtaja kama dawa ya tatizo hili. Yeye ndiye mwenye wimbo, kamera inamfuata yeye, wanaume ndio wanaopita nyuma. Ni kweli kwa kiasi. Wengine wakakumbusha kwamba alijitokeza mwaka 2020 chini ya WCB, lebo ya Diamond, kwa hiyo hata hapo kiti cha mbele kina mwenyewe. Mwaka 2024 baraza la sanaa la Zanzibar lilimfungia miezi sita kwa onyesho lililoonekana kuvunja maadili. Wanaume nao hufungiwa, tusiseme uongo: mwaka 2018 "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond ilipigwa marufuku Tanzania, na mwaka 2019 bodi ya filamu ya Kenya iliikataza "Takataka" ya Alvindo, ambayo inamdharau msichana aliyemkataa mwanamume. Kwa maoni yetu uamuzi wa "Takataka" ndio pekee kati ya hiyo uliogusa jambo lenyewe, yaani mwanamke anasemwaje. Mara nyingi kinachopimwa ni urefu wa nguo.

Kuhusu nguo, kanga. Inauzwa doti, vipande viwili, ina pindo na mji, na chini ya mji kuna jina, yale maneno ambayo mwanamke anamwambia jirani au mume bila kufungua mdomo. Kwenye video kanga imekuwa alama ya "Uswahili" kwa haraka: ukitaka mtazamaji ajue tuko pwani, mfunge msichana kanga. Lakini tulipojaribu kusimamisha picha tusome majina, mara nyingi hayasomeki. Imekatwa sketi, jina limepasuliwa katikati, au mkunjo umelificha. Tulicheka tena tulipoangalia kanga zetu za mazoezi. Zote tulizifunga jina limeelekea ndani.

Video za wanaume wanaojitazamisha wenyewe hazikukosekana. "Nishike" ya Sauti Sol, ya mwaka 2014, ilizua kelele Kenya, na sehemu kubwa ya kelele ilihusu vifua wazi vya waimbaji wenyewe. Wasichana waliomba irudiwe mara mbili, wavulana wakaona aibu wakatoka kununua soda. Ilikuwa dakika chache nzuri za haki. Kundi hilohilo liliimba "Nerea" mwaka 2015 pamoja na Amos na Josh, mwanamume akimsihi mwanamke asitoe mimba. Wimbo mzuri, mama zetu wanaupenda. Nerea anaitwa jina tena na tena, mtoto wake anatabiriwa ukubwa wa kila aina, na yeye hapewi nafasi ya kujibu.

Jambo moja hatukulimaliza, na ndilo lililoumiza zaidi. Ni rangi. Mmoja wetu, mweusi sana kama wengi wetu, alisema aliacha kuhesabu warembo weupe kwenye video alizozileta mwenyewe. Alitueleza kuhusu binamu yake na mkorogo, na hatutaandika zaidi ya hapo kwa sababu ni yake. Alituomba tufunge kwa "Brown Skin Girl", iliyomo katika filamu ya Beyoncé ya mwaka 2020, Black Is King, ambamo Lupita Nyong'o anaonekana na jina lake kuimbwa. Tuna kinyongo na mradi ule: umejaa Afrika, wimbo wake "Spirit" unaanza kwa Kiswahili, lakini albamu iliyouzaa, ya mwaka 2019, haikuwashirikisha waimbaji wa Afrika Mashariki. Hata hivyo Lupita alipotokea ukutani, kwenye projekta yetu mbovu yenye doa, chumba kilinyamaza.

Tulirudi mazoezini zikiwa zimebaki wiki mbili. Viti viliondolewa kwa kura, si kwa sauti moja. Wavulana walilazimika kujifunza kucheza, na mmoja alipiga ndoo kwa sababu ngoma hatuna. Kanga zilifungwa jina likitazama nje. Aliyetaka viti alicheza mstari wa mbele, kama alivyotaka, na alicheza kutushinda wote.

Usiku wenyewe hatukupanga mambo ya pesa. Lakini tulipofika kwenye wimbo wa taarab ambao mwenzetu aliuimba, mama mmoja kati ya wazazi waliokuja aliinuka kiti cha nyuma, noti ya dola tano juu, akaja taratibu mpaka jukwaani. Wakamfuata wengine. Mlinzi wa ukumbi alidhani kuna fujo. Zilitosha kulipia spika tulizokodi, na chenji tukanunua unga wa maandazi.