Mtu Mwenye Deni Akiumia Kazini

Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu hapa Bomet mzee mmoja mwenye shamba katika skimu ya upande wa Sotik. Shamba lake halitoshi kulipa karo za watoto, kwa hiyo hufanya kazi ya mshahara katika kiwanda cha chai. Mashine ya kusaga majani ilimkata vidole 2. Alikuwa amekaa miezi 10 na nusu bila kudai fidia, maana ana madeni, na madeni hayo anayalipa kwa mafungu kwa mapatano yaliyofanywa chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Akaniambia, "Karani, nidai fedha za nini, nao wanaonidai wanazingoja mlangoni?"

Fikira hiyo si ya mzee huyo peke yake, nami nimeisikia mara nyingi. Basi, msomaji, yafaa ujue jinsi sheria ilivyo kabla hujaacha haki yako ikapotea.

Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007 inasema kwamba fidia ya mtu aliyeumia kazini haiwezi kuwekwa rehani wala kuhamishiwa mtu mwingine. Haiwezi kukamatwa kwa amri ya kutekeleza hukumu, wala haiwezi kukatwa ili kulipia deni la huyo aliyeumia. Deni liwe la shamba la skimu, la ng'ombe wa maziwa, la mbolea au la chama cha akiba na mikopo, ni mamoja. Kwa hiyo mdai akikuletea karatasi uandike kwamba fidia ikitoka itakuwa yake, usitie sahihi wala dole gumba. Kadhalika mwajiri aliyekukopesha fedha hana ruhusa kusema, "Tumekata letu, hili ndilo lililobaki."

Lakini hayo hayana maana kwamba umfiche msimamizi wa mapatano yenu. La, hasha! Mwandikie barua mapema, umweleze siku ya ajali, na kwamba unadai fidia chini ya Sheria ile ya mwaka 2007. Weka nakala. Mtu anayeficha fedha huwapa wadai sababu ya kusema kwamba amevunja mapatano, na hapo hata jambo lililokuwa halali huonekana kama wizi. Soma tena karatasi ya mapatano yenyewe, au usomewe, uone yanasema nini juu ya fedha zinazokuja baadaye. Ikiwa kuna neno linalogusa fidia, lipeleke kwa wakili kabla ya kulipa hata senti moja. Tena, ikiwa mkono hauwezi tena kazi na mshahara umepungua, omba mafungu yapunguzwe. Mafungu yalipimwa kwa mshahara wa mtu mzima wa viungo, na si dhambi kusema kwamba mambo yamebadilika.

Fedha zikija, ziweke katika akaunti ya peke yake. Zikichanganyika na malipo ya majani na bonasi, utapata taabu kuonyesha zipi ni fidia na zipi ni mapato ya chai.

Sasa habari ya siku. Mwambie mwajiri mara unapoumia, kwa mdomo au kwa barua. Barua ni bora. Yeye ana siku 7 za kumpasha habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yako yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Daktari atapima ni sehemu gani ya mwili iliyopotea, kwa mia. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa juu ya mishahara ya miezi 96. Tuseme mshahara ni shilingi 15,000 na daktari ameandika 10 kwa mia: mishahara ya miezi 96 ni shilingi 1,440,000, na sehemu yako ni shilingi 144,000. Mwajiri au kampuni ya bima ana siku 90 za kulipa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kumpelekea pingamizi.

Wengine hukimbilia mahakamani moja kwa moja. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai ya namna hii yaanzie kwa Mkurugenzi. Hata wachumaji wa mashamba ya James Finlay ya huku kwetu, waliofungua kesi nchini Scotland kwa ajili ya maumivu ya mgongo, mahakama ya Edinburgh iliisimamisha kesi yao Novemba 2023 ili njia ya sheria ya Kenya itumiwe kwanza.

Jambo moja huwaudhi wakulima nikilisema. Ukiumia ukichuma chai yako mwenyewe katika shamba lako, sheria hii haikuhusu, maana huna mwajiri. Lakini mchumaji uliyemwajiri wewe akiumia, mwajiri ni wewe. Na ukigongwa na pikipiki ukienda sokoni, hiyo ni kesi nyingine, na ule ukingo wa fidia nilioueleza hapo juu haumo.

Yule mzee tulimwandikia barua zote mbili siku ile ile, ya madai na ya msimamizi wake, na mwanawe akazipeleka kwa mkono. Cheti cha hospitali alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya kitabu cha majani. Zilikuwa zimebaki siku 45, na sasa anangoja kupimwa na daktari.