Kwa nini miguu huwa mizito baada ya kushuka baiskeli

MWANARIADHA anaposhuka baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo, miguu humlemea kana kwamba si yake. Wengi hudhani huo ni udhaifu. Wataalamu wa michezo hueleza kuwa ni mabadiliko ya muda katika utendaji wa misuli na neva.

Suala hilo lina uzito kwa vijana wa Lodwar na Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, wanaotegemea baiskeli kwa usafiri au kubeba mizigo, kisha jioni wakafanya mazoezi ya mbio. Kakuma, yenye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, ndiko walikotoka wakimbiaji 5 wa Sudan Kusini, akiwamo Rose Nathike Lokonyen wa mita 800, walioshiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi.

Mwendesha baiskeli huinama kiunoni, na sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na kiti. Mkimbiaji husimama wima, na kila akikanyaga ardhi mguu hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili mara 2 hadi 3. Neva zinapochelewa kubadili mtindo, baadhi ya wanariadha hubaki wameinama na kutumia oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule. Hali hiyo huwapata hasa wasio na uzoefu wa triathloni, mchezo wa kuogelea, baiskeli na mbio ulioingia Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000.

Kasi ya kuzungusha pedali nayo huacha athari. Katika utafiti wa Gottschall na Palmer uliochapishwa mwaka 2002, wanariadha waliendesha baiskeli kwa dakika 30, kisha wakakimbia mita 3,200. Walipokuwa wamezungusha pedali haraka, walipiga hatua nyingi zaidi kwa dakika na kumaliza mapema zaidi, ilhali urefu wa hatua haukubadilika.

Kwa hiyo, kijana aliyesukuma pedali polepole kutwa nzima akiwa na mzigo asikimbilie mbio za kasi mara anaposhuka. Atue mzigo, azungushe pedali haraka kwa nguvu ndogo kwa dakika chache, kisha aanze kukimbia taratibu kwa hatua fupi. Akirudia zoezi hilo kila wiki, mwili huzoea. Asipojua hayo, huenda akaacha riadha akidhani hana kipaji.