Zinki na Zebaki: Jamaa wa Safu Moja

Mtoto anayeharisha hupewa ORS pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Ndivyo ilivyo Bunda kama kwingineko nchini. Lakini katika wilaya hiyohiyo, kwenye machimbo madogo ya dhahabu kama ya Kinyambwiga, hutumika zebaki kunasia chembe za dhahabu. Mchanganyiko huo ukichomwa, zebaki hupanda hewani kama mvuke usioonekana wala kunuka. Moja ni dawa, nyingine ni sumu, na zote mbili zimo katika safu moja ya jedwali la elementi.

Mendeleev alipochapisha jedwali lake mwaka 1869, alizipanga elementi kwa uzito wa atomi. Leo hupangwa kwa idadi ya protoni. Safu wima ndizo makundi, 18 kwa jumla. Elementi za kundi moja zina mpangilio unaofanana wa elektroni za nje, nazo ndizo zinazoungana na elementi nyingine. Katika kundi la 12 zimo zinki (30), kadmiamu (48) na zebaki (80), kila moja ikiwa na elektroni mbili katika ganda la nje.

Ujamaa huo huonekana mwilini. Zinki hujishikiza kwenye salfa iliyomo katika protini, na vimeng'enya vingi huitegemea. Kadmiamu na zebaki nazo huifuata salfa, tena huing'ang'ania kwa nguvu zaidi, na kimeng'enya kilichoshikwa na zebaki huharibika utendaji wake.

Hata hivyo, kundi halisemi yote. Zebaki ni kimiminika katika joto la kawaida, zinki sivyo. Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa huingia katika damu, ukafika kwenye ubongo na, kwa mjamzito, kwa mtoto aliye tumboni.

Mikono inayotetemeka, usahaulifu, kukosa usingizi na hasira za ghafla ni rahisi kudhaniwa kuwa ulevi. Mhudumu aulize: je, dhahabu huchomwa nyumbani, pengine kwenye jiko la chakula? Kipimo cha mkojo husaidia kuthibitisha. Tiba ya kwanza ni kumwondoa mgonjwa penye mvuke. Dawa kama dimakaproli, zenye salfa, huweza kuivuta zebaki itoke kwenye protini. Vidonge vya zinki haviwezi kazi hiyo.