Utatuzi wa Hitilafu za Usawazishaji wa Data katika Programu za Uchanganuzi wa Uhusiano na Wateja: Mfano wa CRM Analytics ya Salesforce

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kubaini na kutatua hitilafu za usawazishaji wa data kati ya mfumo wa usimamizi wa uhusiano na wateja na programu inayochanganua data zake. Mfano uliotumika ni CRM Analytics ya Salesforce. Hoja kuu ni kwamba hitilafu zenye madhara makubwa si zile zinazosimamisha kazi na kutoa ujumbe wa kosa, bali zile zinazoacha kazi ikamilike huku takwimu zikiwa zimepungua, zimezidi au zimepitwa na wakati. Makala inaainisha vyanzo vitano vya hitilafu na kupendekeza mpangilio wa uchunguzi unaofuata njia ileile ambayo data hupita.

1.0 Utangulizi

Usawazishaji wa data ni unakili wa rekodi kutoka katika mfumo zinamoingizwa kwenda katika mfumo zinamochanganuliwa, kwa namna inayohakikisha kwamba nakala inaendelea kulingana na asili. Katika uhusiano na wateja, asili ni mfumo ambamo ofisa mauzo huandika jina la mteja, namba yake ya simu, oda zake na malalamiko yake. Nakala ndiyo inayozalisha dashibodi anayoisoma meneja. Kwa kuwa meneja haoni asili, uamuzi wake hauwezi kuwa sahihi kuliko nakala aliyoletewa.

Suala hili halihusu ufanisi wa kibiashara peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, kwa masharti yaliyowekwa. Taasisi inaweza kutekeleza ombi hilo katika mfumo asilia, lakini nakala isiyosawazishwa ikaendelea kumhesabu mtu huyo kuwa mteja na kuliingiza jina lake katika orodha za kampeni. Hivyo basi, hitilafu ya kiufundi hugeuka kuwa ukiukaji wa haki ambao hakuna mtumishi aliyeukusudia.

2.0 Njia inayopitwa na data

Katika CRM Analytics, data hupita vituo vinne. Cha kwanza ni mfumo asilia. Cha pili ni nakala ghafi inayoletwa na kazi ya usawazishaji. Cha tatu ni mkusanyiko wa data, unaozalishwa na kazi nyingine inayochuja, kuunganisha na kupanga nakala hiyo. Cha nne ni dashibodi.

Kutotenganisha kituo cha pili na cha tatu ni chanzo cha mkanganyiko mwingi. Usawazishaji ukikamilika, kilichobadilika ni nakala ghafi tu. Mkusanyiko unabaki kama ulivyokuwa hadi kazi ya kuuzalisha iendeshwe. Usawazishaji ukipangiwa kuanza saa nane usiku na uzalishaji saa nane na nusu, mpango huo utafaa maadamu usawazishaji unatumia chini ya dakika 30. Data zikiongezeka na muda huo ukapitwa, uzalishaji utatumia nakala ya jana. Kazi zote mbili zitaripotiwa kuwa zimefaulu, ilhali dashibodi itakuwa nyuma kwa siku nzima. Ufumbuzi ni kuufunga uzalishaji kwenye tukio la kukamilika kwa usawazishaji badala ya kuufunga kwenye saa.

3.0 Vyanzo vya hitilafu

3.1 Mpangilio wa kazi

Chanzo cha kwanza ni hicho kilichoelezwa hapo juu. Dalili yake ni takwimu zilizochelewa kwa rekodi zote, si kwa baadhi.

3.2 Ruhusa za mtumiaji wa mfumo

Data za Salesforce hazichukuliwi kwa akaunti ya msimamizi anayeendesha kazi. Huchukuliwa kwa akaunti maalumu ya ndani inayoitwa Integration User. Uga mpya ukiongezwa bila akaunti hiyo kupewa ruhusa ya kuusoma, kazi inayouhitaji hushindikana. Msimamizi anayefungua rekodi kwa akaunti yake huuona uga huo bila shida, hivyo huweza kudhani kwamba kosa liko kwenye mtandao au kwenye programu. Swali la kuuliza si iwapo uga upo, bali ni nani anayeusoma.

3.3 Usawazishaji wa nyongeza

Ili kuokoa muda, programu inaweza kuchukua tu rekodi zilizobadilika tangu kazi iliyopita. Mabadiliko hutambuliwa kwa muhuri wa wakati uliomo katika kila rekodi. Utaratibu huu una mapengo mawili.

Pengo la kwanza ni uga wa fomula. Thamani yake hukokotolewa inaposomwa, na inaweza kutegemea rekodi nyingine. Kwa mfano, daraja la mteja likibadilishwa katika rekodi ya akaunti, fomula inayolionyesha daraja hilo katika rekodi za oda zake hutoa jibu jipya, lakini muhuri wa oda zenyewe haubadiliki. Usawazishaji wa nyongeza huziruka.

Pengo la pili ni ufutaji. Rekodi isiyokuwapo haina muhuri wa kusomwa. Salesforce huhifadhi rekodi zilizofutwa ndani ya pipa kwa siku 15. Rekodi ikiondolewa bila kupitia humo, au usawazishaji ukisimama hadi muda huo ukapita, alama ya kufutwa kwake hupotea na nakala inaweza kubaki nayo. Hapa ndipo mteja aliyeomba kufutwa anapoendelea kuhesabiwa.

Tiba ya mapengo yote mawili ni usawazishaji kamili unaofanywa kwa vipindi, mbali na ule wa nyongeza wa kila siku.

3.4 Majira ya saa

Salesforce huhifadhi tarehe na saa kwa majira ya UTC, yaliyo nyuma ya majira ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Iwapo mpangilio wa majira katika uchanganuzi haujabadilishwa, mauzo yaliyoandikwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai mjini Dodoma au Nairobi yatahesabiwa kuwa ya saa tano usiku, tarehe 30 Juni. Kwa taasisi inayoanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, mauzo hayo huhamia mwaka uliopita. Rekodi haikupotea, imewekwa mahali pasipo pake. Dalili yake ni tofauti inayoonekana mipakani mwa siku, miezi au miaka, lakini ikatoweka katika jumla ya muda mrefu.

3.5 Funguo za kuunganishia

Pale ambapo mteja hutambuliwa kwa namba ya simu, namba moja inaweza kuandikwa kwa kuanza na 0, na +255, au na 255 bila alama ya kujumlisha. Aidha, lahajedwali inayoichukulia namba kuwa tarakimu huifuta 0 ya mwanzo. Kwa programu, maandishi hayo ni wateja wanne tofauti. Muungano wa majedwali unaobakiza tu rekodi zenye ufunguo unaolingana pande zote mbili huziacha nyingine bila kutoa ujumbe wowote. Namba hazina budi kuwekwa katika umbo moja kabla ya muungano.

4.0 Utaratibu wa utatuzi

Hatua ya kwanza ni kuieleza tofauti kwa usahihi. Kauli kwamba dashibodi ina makosa haichunguziki; kauli kwamba oda za Machi ni pungufu kwa idadi fulani inachunguzika. Hatua ya pili ni kuhesabu rekodi katika kila kituo kwa kutumia kichujio kilekile. Kituo cha kwanza kinachotofautiana na kilichokitangulia ndicho chenye hitilafu.

Hesabu ya mwanzo na ya mwisho peke yake haitoshi. Chukulia kwamba asili ina rekodi 10,000, nakala ghafi ina 10,060 na mkusanyiko una 10,000. Anayelinganisha asili na mkusanyiko ataridhika. Hata hivyo, rekodi 60 zilizofutwa zimebaki katika nakala, na nyingine 60 halali zimeachwa wakati wa muungano. Makosa mawili yamefichana. Kwa hiyo, hatua ya tatu ni kulinganisha vitambulisho vya rekodi, kisha kuchukua rekodi moja iliyokosekana au iliyozidi na kuifuata kituo kwa kituo.

Hatua ya nne ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Usawazishaji kamili unafaa hapa kama kipimo: ukiondoa tofauti, chanzo kinachoelekea kuhusika ni mojawapo ya mapengo ya usawazishaji wa nyongeza, usipoiondoa, uchunguzi uelekee kwenye ruhusa, majira au funguo. Ni kosa kuuchukulia kuwa ufumbuzi wa kudumu, kwani tofauti itaanza kujengeka upya tangu kazi ya nyongeza inayofuata.

5.0 Hitimisho

Ujumbe kwamba kazi imefaulu unathibitisha kwamba programu imemaliza hatua ilizoagizwa. Hauthibitishi kwamba nakala inalingana na asili. Uthibitisho huo hupatikana kwa ulinganisho wa kila kituo unaofanywa mara kwa mara na kutunziwa kumbukumbu. Ulinganisho wa vitambulisho vya rekodi zilizofutwa ungepaswa kupewa kipaumbele, kwa sababu upungufu wa mauzo huweza kulalamikiwa na ofisa anayeyadai, ilhali mtu aliyekwisha kuomba kuondolewa hana njia ya kuona kwamba bado amo.